Sekunde 41 za kaunta namba mbili

Tarehe 27 ya mwezi, saa mbili na robo asubuhi, foleni ilikuwa imeshatoka mlangoni na kupinda kona ya jengo. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kaunta namba mbili, daftari mapajani, simu mkononi ikiwa kwenye saa ya kupimia muda. Mama anayehudumia kaunta hiyo yuko kwenye chama tangu enzi za leja za karatasi. Aliandika namba ya mwanachama, akabonyeza, kisha bila hata kutazama kioo akavuta kitabu cha risiti na kuanza kujaza za waliokwisha kuhudumiwa. Ya kwanza. Ya pili. Alipokuwa anachana ya tatu, taarifa ya mwanachama ikatokea.

"Risiti tatu," akaniambia. "Siku mbaya zinafika tano."

Saa yangu ilisema sekunde 41.

Hiki ni chama cha akiba na mikopo huku Kilimanjaro. Jina nitaliacha, fedha ni za watu na hawakunituma niwatangaze. Wanachama wake ni wakulima, walimu wastaafu, akina mama wenye vibanda sokoni. Mzee mmoja aliyekuwa wa nne kwenye foleni alitoka Rombo na gari la alfajiri ili awahi. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, halafu akauliza kwa upole kabisa, "Mtandao umerudi?" Mtandao haukuwa umeondoka. Lakini mtu aliyesimama saa nzima akisubiri kuonyeshwa fedha yake mwenyewe ana haki ya kuliita tatizo jina lolote analolijua. Swali lake lilinikaa kichwani siku zote tatu.

Programu yenyewe imeandikwa kwa Django, zana ya kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python, na kanzidata, yaani ghala la data zote za chama, ni PostgreSQL. Vyote viko kwenye seva moja ya kukodi yenye viini vinne vya prosesa na kumbukumbu ya GB 8. Aliyeiandika hayupo tena, mimi nimeirithi. Meneja alikuwa ameshaletewa bei ya seva kubwa zaidi, na barua ya kuomba fedha ilikuwa tayari kupelekwa kwa bodi. Nilimwomba siku tatu kwanza. Akanipa, ila akasema siku ya nne anasaini.

Siku ya kwanza sikugusa msimbo hata mstari mmoja. Kishawishi kilikuwepo. Ukifungua msimbo wa mtu mwingine lazima uone kitu kinachokukera macho, na mkono unawasha kukirekebisha. Mwenzangu tunayesaidiana naye alikuwa ameshatumia wiki mbili kubana picha na kupunguza ukubwa wa faili za JavaScript. Kazi yake ilikuwa safi. Lakini faili zile zote kwa pamoja zilikuwa zinakula sekunde 0.4 kati ya 41. Hata angezifuta kabisa, mama wa kaunta angesubiri sekunde 40.6. Gene Amdahl aliliweka jambo hili kwenye hesabu tangu 1967, alipokuwa anazungumzia kompyuta zinazogawana kazi: faida ya kuharakisha sehemu moja haiwezi kuzidi kile ambacho sehemu hiyo ilikuwa inakula. Kwa hiyo kabla ya kurekebisha chochote, jua kwanza nani anakula.

Niliandika kila alichobonyeza mama na muda kilichotumia. Kufikia saa sita mchana nilikuwa na kurasa nne za daftari, na kilichoonekana hapo hakikuwa kile nilichoambiwa kwenye simu. Niliambiwa "mfumo mzima unazunguka". Daftari lilisema kusajili mwanachama mpya ni sekunde moja. Kuweka akiba ni sekunde moja pia, ila mara mbili asubuhi hiyo kulikwama zaidi ya sekunde 20 bila sababu ya wazi. Kutafuta mtu kwa jina, sekunde 9. Na taarifa ya mwanachama: 41, 38, 44, 40, halafu katikati yake moja ya sekunde 3.

Hiyo 3 niliizungushia duara. Ukurasa ni uleule, seva ileile, saa ileile. Nikamuuliza mama huyo mwanachama ana nini cha pekee. "Huyo ni mgeni, hajakopa bado," akasema, na kuendelea na kazi yake. Tangu hapo nilijua kwamba chochote ninachokitafuta kiko kwenye mikopo.

Jambo jingine niliona ambalo nisingeliona kamwe ningekaa ofisini kwangu. Mama alikuwa amebuni njia yake ya kupambana na ucheleweshaji. Alikuwa anachukua vitabu vya watu watatu kwa mpigo, anafungua vichupo vitatu kwenye kivinjari, na kuzitafuta taarifa zote tatu kwa wakati mmoja. Mwenzake wa kaunta namba moja alikuwa ameiga. Ni busara ya mtu wa kazi, na kwa karatasi ingefaa kabisa. Kumbe kwa seva ile ilikuwa ni kuongeza kuni kwenye moto, na sababu yake nitaieleza nikifika kwenye amri iitwayo EXPLAIN.

Nikaomba dakika mbili kwenye mashine yake, nikafungua zana za kivinjari, sehemu inayoonyesha safari ya kila ombi. Muda wa kuunganishwa na seva: kiasi kidogo mno. Muda wa kupakua ukurasa: kidogo. Kipande kirefu kilichobaki, karibu sekunde 40 na nusu, kilikuwa cha kusubiri seva ijibu. Mtandao ukatoka hatiani. Nimeona ofisi zikibadilisha kampuni ya intaneti mara mbili kwa mwaka kwa sababu ya msimbo wao wenyewe, na kipimo hiki hakichukui hata dakika tano.

Jioni baada ya kufunga nikaingia kwenye seva. Kitu cha kwanza nilichokikuta kilikuwa kwenye gunicorn, programu inayopokea maombi ya kurasa na kuyagawa kwa michakato yake midogo iitwayo wafanyakazi: muda wake wa kumsubiri mfanyakazi mmoja, ambao kwa kawaida ni sekunde 30, ulikuwa umeongezwa hadi 120. Yaani kuna siku kurasa zilikuwa zinakatwa katikati, mtu akaona dawa ni kuzipa muda zaidi. Cha pili ni logi ya maswali ya polepole, yaani faili linaloandika maombi ya data ambayo kanzidata inachelewa kuyajibu. Ilikuwa imewashwa, jambo zuri, kwa kiwango cha milisekunde 1,000: swali lolote linalozidi sekunde moja liandikwe. Niliisoma ya mwezi mzima. Kulikuwa na ripoti ya riba ya usiku, dakika sita. Kulikuwa na utafutaji wa majina. Taarifa ya mwanachama, ile ya sekunde 41, haikuwemo hata mara moja.

Hapo ndipo wengi wetu hupotea. Logi haikutaja kitu, basi kanzidata ni nzima, tutafute kwingine. Lakini logi ile inaulizwa swali moja tu: nani amekaa zaidi ya sekunde moja kwa mara moja? Haimwoni anayekaa kidogo kidogo mara elfu. Nikawasha pg_stat_statements, kiongezi cha PostgreSQL kinachohesabu kila aina ya swali limeulizwa mara ngapi na limekula muda gani kwa jumla. Kinahitaji kanzidata izimwe na kuwashwa upya, ndiyo maana nilisubiri jioni. Kisha nikakiacha kikusanye siku nzima ya tarehe 28.

Siku ya pili jioni nikapanga matokeo kwa safuwima ya total_exec_time, muda wa jumla. Nasisitiza jumla. Ukipanga kwa wastani, wa kwanza anakuwa ripoti ya riba, dakika sita kila inapoendeshwa, ambayo inaendeshwa usiku wakati hakuna binadamu anayeisubiri. Ukipanga kwa jumla, wa kwanza alikuwa swali fupi ambalo ukilitazama huwezi kulishuku: nipe jumla ya malipo ya awamu fulani ya mkopo. Wastani, milisekunde 170. Limeulizwa mara 61,204 kwa siku moja. Zidisha. Ni karibu saa tatu za kanzidata, kwa swali moja, katika siku ya kazi ya saa nane.

Nikalichukua swali lile na kuliendesha kwa EXPLAIN ANALYZE kwenye nakala ya data niliyoirejesha kutoka chelezo, kwenye mashine ya ukubwa uleule. Amri hii inaifanya PostgreSQL ieleze ilivyopanga kulijibu swali, na ilichokutana nacho njiani. Mistari miwili ilitosha:

Parallel Seq Scan on malipo
Rows Removed by Filter: 770546 (loops=3)

Mstari wa kwanza unasema: nimesoma jedwali lote la malipo, kutoka mwanzo hadi mwisho. Wa pili unasema: tumefanya kazi hiyo watatu, na kila mmoja wetu amesoma na kutupa safu 770,546 zisizohusika. Safu milioni 2.3 zinapitiwa ili kupata malipo mawili au matatu ya awamu moja. Ni sawa na kutafuta risiti ya mtu mmoja kwa kupekua makasha yote ya stoo, na ukimaliza awamu ya Januari unaanza upya kwenye kasha la kwanza kwa awamu ya Februari.

Na hao watatu ndio waliojibu fumbo la vichupo. PostgreSQL ikiona jedwali ni kubwa na hakuna njia ya mkato, huita wasaidizi wagawane usomaji. Kwa mipangilio ya kawaida ni hadi wawili, pamoja na mwenye kazi ni watatu. Seva ina viini vinne. Kwa hiyo taarifa moja ya mwanachama ilikuwa inataka robo tatu ya prosesa nzima. Mama anapofungua tatu, na jirani yake tatu, wanagombania viini vinne kama abiria wa jioni wanavyogombania daladala ya mwisho. Kila mmoja anachelewa, na kwa sababu wanachelewa wanazidi kufungua vichupo.

Njia ya mkato hiyo ni faharasa, orodha iliyopangwa inayoonyesha kila safu iko wapi. Kwa nini jedwali halikuwa nayo? Django huweka faharasa yenyewe kwenye kila uhusiano unaoutangaza, kwa hiyo kwanza sikuamini. Jibu lilikuwa kwenye historia. Malipo ya zamani yalihamishwa kutoka mfumo uliotangulia, na aliyehamisha alitengeneza jedwali kwa mkono, kwa amri tupu za SQL, lugha ya kanzidata, kisha akaiambia Django ilikute hivyo hivyo. Safuwima ya awamu ikawa namba ya kawaida tu. Na PostgreSQL, hata ukiitangazia kwamba safuwima hii inarejelea jedwali jingine, haikuwekei faharasa upande wa anayerejelea. Hilo ni jukumu lako. Waliozoea MySQL, kanzidata nyingine, hushangaa hapa, kwa sababu InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, inaiweka yenyewe.

Siku za mwanzo data ilikuwa ndogo, kupekua kasha zima kulichukua kufumba na kufumbua, hakuna aliyehisi. Kila mwezi malipo yakaongezeka, na taratibu mama akaongeza risiti za kusubiria. Ndiyo sababu hakukuwa na siku ambayo mtu angeweza kuionyesha na kusema mfumo uliharibika hapa.

Faharasa niliyoweka ni ya aina ya B-tree, ile ambayo Rudolf Bayer na Edward McCreight waliichapisha mwaka 1972 wakiwa wameibuni huko Boeing. Naipenda sana, na sioni haya kusema hivyo. Kwa jedwali la safu milioni 2.3, mti wake una ngazi tatu: ukurasa wa juu unakuelekeza ukurasa wa kati, wa kati unakuelekeza wa chini, wa chini unakupa mahali safu ilipo. Kurasa tatu za KB 8 kila moja, badala ya jedwali zima. Miaka zaidi ya 50 imepita na bado ndiyo inayomhudumia mzee wa Rombo.

Niliijenga jioni kwa CREATE INDEX CONCURRENTLY. Ukiijenga kwa njia ya kawaida, jedwali linafungwa na hakuna anayeweza kuandika malipo mpaka imalizike. Hii nyingine inachukua muda zaidi lakini watu wanaendelea na kazi. Ofisi ilikuwa imefungwa, kweli, ila malipo ya simu huingia usiku kucha. Tahadhari moja: ikikatika katikati inaacha faharasa batili inayokaa pale bila kutumika, na kinachoshauriwa ni kuifuta kisha uanze upya. Yangu ilimalizika salama. Milisekunde 170 zikashuka chini ya nusu milisekunde. Ukurasa ukatoka sekunde 41 hadi 4 na kidogo.

Ningeweza kuishia hapo na kupigiwa makofi. Lakini sekunde nne mbele ya mtu aliyesimama bado ni nyingi, na nilikuwa nimeshaona kitu kingine. Kwenye nakala ya majaribio nilikuwa nimewasha Django Debug Toolbar, ikanionyesha idadi ya maswali yaliyotumwa kwa kanzidata ili kujenga ukurasa mmoja wa mwanachama mwenye mikopo 11: 1,847.

Yale ya jumla ya malipo yalikuwa 214, moja kwa kila awamu. 214 mara milisekunde 170, unapata sekunde 36.4. Yaliyobaki 1,633 yalikuwa mepesi, milisekunde mbili kila moja, na ndiyo yaliyokuwa yanakula sekunde tatu za mwisho. Kwa kila malipo kwenye orodha, ukurasa ulikuwa unaitafuta tena kanzidata na kuuliza: aliyepokea anaitwa nani? Kisha: tawi lake lipi? Kisha malipo yanayofuata, maswali yaleyale, ingawa aliyepokea ni mama yuleyule wa kaunta namba mbili. Ni kumtuma mtoto dukani akalete chumvi, arudi, umtume sukari, arudi, umtume kiberiti. Mtoto ana mbio, duka liko jirani, lakini chai haiwi tayari.

Msimbo uliokuwa unafanya hivyo haukuonekana mbaya hata kidogo. Kwenye kiolezo cha ukurasa kulikuwa na mzunguko, na ndani yake maneno malipo.mpokeaji.tawi.jina. Nukta tatu. Kila nukta inaweza kuwa safari ya kwenda kanzidata, na hakuna chochote kwenye kioo kinachokuambia hivyo. Nikaandika select_related kwa mpokeaji na tawi lake, prefetch_related kwa awamu na malipo, amri za Django zinazoleta vitu vinavyohusiana kwa mpigo, na ile jumla nikaihamishia kwenye swali moja linalojumlisha kwa awamu zote kwa pamoja. Kutoka maswali 1,847 tukabaki na 9. Ukurasa ukafunguka chini ya sekunde moja.

Mwenzangu aliuliza kwa nini tusiweke kache tu. Taarifa ihifadhiwe dakika kumi, wote waipate papo hapo. Nilikataa, na ningekataa tena. Mtu akiweka shilingi 50,000 kaunta namba moja kisha akaomba taarifa kaunta namba mbili, akaona salio la dakika nane zilizopita, huyo haendi kusema mfumo una kache. Anakwenda nyumbani na wasiwasi kwamba ameibiwa, na atawaambia wenzake. Kache ina mahali pake, na salio la akiba ya mtu si mahali hapo.

Utafutaji wa jina ulinifundisha kitu tofauti. Huku kwetu ukiandika Massawe au Mushi unaletewa kijiji kizima, kwa hiyo nilidhani shida ni wingi wa majina. EXPLAIN ikaonyesha kisanduku kile kilikuwa kinatafuta kwenye majina na pia ndani ya maelezo ya kila malipo, maandishi yote ya zile safu milioni 2.3, neno likiwa mahali popote katikati ya sentensi. Faharasa ya kawaida haisaidii hapo, kama vile orodha iliyopangwa kwa herufi ya kwanza isivyokusaidia kumpata mtu unayekumbuka katikati ya jina lake tu. Dawa ipo, kiongezi cha pg_trgm kinachokata maneno vipande vya herufi tatu tatu, na nilikuwa nimeshaanza kuiandaa. Faharasa ya namna hiyo juu ya maandishi mengi kiasi kile ni kubwa, na kila malipo mapya yanailipia.

Kabla sijaendelea nikamuuliza mama, huwa mnatafuta nini kwenye maelezo ya malipo?

"Maelezo yapi?" akasema. "Sisi tunatafuta mtu, mwanangu. Jina, au namba ya kitabu."

Nikaondoa sehemu ile ya utafutaji. Sekunde 9 zikaisha, bila faharasa yoyote mpya. Jedwali la wanachama lenyewe ni dogo, kulisoma lote hakufikii hata kupepesa jicho.

Kilichonisumbua zaidi ni zile mara mbili za sekunde 20 wakati wa kuweka akiba. Hakuna faharasa iliyokosekana pale, hakuna maswali elfu. Kilitokea, kikapotea, na kila nikiingia kwenye seva nakuta kimya. Kwa hiyo niliandika programu fupi ya kupiga picha ya pg_stat_activity, orodha ya PostgreSQL ya miunganisho yake yote, kila baada ya sekunde tano na kuiandika kwenye faili, ikieleza kila muunganisho unafanya nini, unamsubiri nani. Pia nikawasha log_lock_waits, inayoandika kwenye logi kila anayekaa muda akisubiri safu iliyoshikwa na mwingine. Nikarudi kwenye kiti changu cha plastiki.

Siku ya tatu, saa nne na dakika saba, kaunta zote zikasimama kwa pamoja. Mama akanigeukia kabla sijasema neno. Nikafungua faili. Miunganisho minane ilikuwa inasubiri kufuli, yaani kuachiwa safu iliyoshikwa na mwingine, na nilipofuata mnyororo wa pg_blocking_pids, amri inayotaja nani anamzuia nani, wote wanane waliishia kwa mmoja. Huyo mmoja hakuwa anafanya chochote. Hali yake iliandikwa "idle in transaction": amefungua muamala wa kanzidata, yaani fungu la mabadiliko yanayokubaliwa yote au kufutwa yote, ameshika safu, halafu ametulia. Na prosesa ya seva, wakati watu kumi na tano wamesimama mbele yetu, ilikuwa inatumika asilimia 6.

Niliitazama ile 6 kwa muda. Seva kubwa mara nne ingesubiri vilevile, kwa utulivu zaidi tu.

Amri ya mwisho ya muunganisho ule ilikuwa ya kubadilisha leja kuu, safu moja inayobeba salio la fedha zote za chama, ambayo kila anayeweka au kutoa lazima aiguse. Nikaenda chumba cha pili. Afisa mikopo alikuwa anapitisha mikopo iliyokubaliwa na kamati. "Nikibonyeza Idhinisha inazunguka kidogo," akaniambia, "halafu inakubali." Kwake ilikuwa ni kuzunguka kidogo, na hakuwa na namna ya kujua kinachotokea ukutani upande wa pili.

Msimbo wa kuidhinisha ulikuwa unafungua muamala, unabadilisha leja kuu, kisha kabla ya kufunga unatuma ujumbe mfupi wa simu kwa mkopaji na kwa kila mdhamini wake, mmoja baada ya mwingine, ukisubiri kampuni ya ujumbe ijibu. Siku kampuni inajibu haraka, hakuna anayehisi. Siku inachelewa, huyu anakuwa kama mtu aliyeingia stoo, akafunga mlango, ufunguo mfukoni, halafu akaanza kupiga simu ndefu. Gunicorn ilikuwa na wafanyakazi tisa. Mmoja ameshika, wanane wanasubiri, tisa wameisha. Ndiyo maana hata kurasa zisizohusiana na leja zilikuwa zinasimama.

Rekebisho lilikuwa la mistari isiyozidi arobaini. Ujumbe sasa unaandikwa kwenye jedwali lake ndani ya muamala uleule, muamala unafungwa papo hapo, na programu ndogo ya pembeni ndiyo inayosoma jedwali lile na kutuma. Mkopo ukighairishwa katikati, ujumbe nao unaghairishwa; kampuni ikichelewa, inaichelewesha ile programu ndogo peke yake. Zamani wadhamini walikuwa wakipata ujumbe wa mkopo ambao haukukamilika, malalamiko ambayo sikuwa nimetumwa kuyatafuta. Nayo yakaisha hapo hapo.

Siku ya nne meneja hakusaini. Nilimpelekea daftari pamoja na ile picha ya asilimia 6, akazitazama zote mbili kwa zamu, kisha akairudisha barua kwenye droo.

Nilirudi tarehe 27 ya mwezi uliofuata, kiti kilekile. Mama aliandika namba, akabonyeza, mkono wake ukaenda kwenye kitabu cha risiti kwa mazoea, na taarifa ikawa imeshafunguka kabla hajakigusa. Akaiangalia kwa mashaka, akasoma jina, akasoma salio, akalinganisha na kitabu cha mwanachama. Halafu akaniuliza kama ni ya leo au ya jana. Nikamwambia ni ya sasa hivi, mama. Bado anafungua vichupo vitatu. Sijamkataza, anaviacha kimoja kimoja mwenyewe.

Ripoti ya riba ya usiku bado ni dakika sita. Nimeziweka upya hesabu za pg_stat_statements zianze sifuri, na Alhamisi nitakaa nayo.